Samaki Wameoza Zamu ya Nani?

Binti alifika zahanati siku ya Jumanne, jua likiwa kali, akisema kichwa kinamuuma tangu wiki iliyopita na usiku moyo unamwenda mbio hata hapati usingizi. Tulimpima malaria, hakuwa nayo. Tulimpima presha, tukaikuta imepanda kidogo, jambo lisilo la kawaida kwa msichana wa miaka 23. Tulimwuliza maswali yale ambayo wauguzi huwauliza wasichana wote, naye akajibu "hapana" kwa kila moja. Mwishowe tuliacha kumwuliza habari za mwili, tukamwuliza habari za kazi. Hapo akaanza kulia.

"Mama," alisema, "nimekatwa mshahara kwa ajili ya samaki ambao mimi sikuwapokea."

Msomaji mpenzi, makala haya yanahusu samaki hao. Walikuwa sato, kilo 25, wametoka ziwani upande wa Nkome. Tunasimulia habari hii kwa ruhusa ya binti mwenyewe, ila hatutaji jina lake, wala hoteli, wala mji. Tutasema tu kwamba ni mmoja wa miji ya dhahabu iliyo kati ya Kahama na Geita. Anayeishi huku anajua jinsi miji hiyo inavyofanana, kwa hiyo asijisumbue kutafuta ni upi.

Hoteli ya alfajiri

Kwa wasomaji walio mbali, yafaa tueleze kwanza kwamba huku kwetu tukisema "hoteli" hatuna maana ya mahali pa kulala. Ni mahali pa kula: meza sita au saba, jiko la mkaa nyuma, beseni la kunawia mlangoni, na friza moja ambayo mwenye hoteli huilinda kama mtoto.

Tangu mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, watu wamekuja huku kutoka kila upande wa nchi. Lakini wanaojaza hoteli hizi si waajiriwa wa migodi mikubwa, ambao wana mabwalo yao. Ni wachimbaji wadogo wa Lwamgasa, Nyarugusu, Kakola, Mwakitolyo na kwingineko: wenye maduara, vijana wanaoshuka chini kwa kamba, wenye makarasha, wanunuzi, waendesha pikipiki. Hawa hula mapema, hula sana, na mara nyingi hula kwa mkopo mpaka mawe yasagwe na dhahabu ionekane. Isipoonekana, mwenye hoteli anabaki na daftari la madeni.

Hoteli aliyofanyia kazi binti yetu ilifunguliwa saa kumi na moja alfajiri kwa chai, chapati na supu. Kulikuwa na zamu mbili. Ya kwanza iliishia saa nane mchana, na ya pili ilianza hapo mpaka saa nne usiku. Yeye alikuwa wa zamu ya pili. Alikuwa ametoka kijijini, Shinyanga Vijijini, baada ya kumaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani miaka kadhaa, akaja kuishi na shangazi yake. Mshahara wake ulikuwa Sh. 150,000 kwa mwezi. Hakupewa karatasi yoyote. Aliambiwa kwa mdomo kwamba atahudumia wateja "na kazi nyingine utakazopangiwa". Maneno hayo manne ya mwisho tumeyasikia kwa wasichana wengi, na tumeanza kuyaogopa.

Mwenzake wa asubuhi alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, mwenye mtoto mchanga. Kazi zake zilijulikana: kupokea nyama, samaki na mboga na kuviweka mahali pake, kuchemsha maji ya kunywa, kuandika daftari la madeni, na kuacha vyombo vikiwa safi kwa zamu inayofuata. Lakini karibu kila siku binti alipofika alikuta sufuria zimerundikana, maji hayajachemshwa, na daftari lina majina bila hesabu. Alivua kitenge chake cha njiani, akavaa aproni, akafanya kazi ya mwenzake kwanza, kisha akaanza ya kwake. Aliendelea hivyo miezi mitano.

"Kwa nini hukusema?" tulimwuliza.

"Yule ni dada yangu, ana mtoto anayenyonya. Nikisema, wataniita mchongezi. Wataniambia umekuja juzi tu."

Hatukuweza kumlaumu, maana ndivyo wengi wetu tulivyolelewa. Msichana mwema hunyamaza na kuokota. Na kumsaidia mwenye mtoto mchanga ni jambo jema, hilo halina ubishi. Lakini yeye hakuwa akisaidia tu. Alikuwa pia akificha. Mwenye hoteli alipopita jioni aliona vyombo safi, maji yamechemka, daftari limejazwa, akaamini kwamba mpango wake wa mtu mmoja asubuhi unafaa sana. Hakuwa na sababu ya kuubadilisha. Siku mambo yalipoharibika, hakukuwa na mtu hata mmoja aliyejua kwamba yalikuwa yameharibika tangu zamani.

Ijumaa ya samaki

Siku hiyo binti alifika saa nane kasorobo. Watu walikuwa wamejaa, wengine wamesimama. Mwenzake alimpita mlangoni akikimbia, nguo yake kifuani imelowa maziwa, akasema tu, "Nimechelewa kwa mtoto." Hawakukabidhiana lolote. Nyuma ya mlango wa jiko kulikuwa na beseni kubwa limefunikwa kwa gunia. Binti alidhani ni mkaa. Akashika sahani.

Saa kumi na moja jioni mpishi alifungua friza achukue samaki wa usiku, akakuta hamna. Wakatafuta. Walipofunua gunia, harufu iliwaambia yote. Binti na mpishi walifanya lililo sawa: waliwatupa samaki wote, wakaosha beseni, wakawaambia wateja kwamba usiku huo kuna nyama na maharage tu.

Mwenye hoteli alifika saa moja. Hakuuliza samaki waliingia saa ngapi, wala nani aliwapokea. Aliuliza swali moja: "Sasa hivi ni zamu ya nani?"

"Zamu yangu, mayu," binti alijibu. (Kwetu Usukumani "mayu" ni mama, na ndivyo alivyomwita siku zote.)

"Basi utawalipa."

Kilo 25 kwa Sh. 10,000 ni Sh. 250,000. Ikaamuliwa akatwe Sh. 125,000 mwezi ule na Sh. 125,000 mwezi uliofuata, abaki na Sh. 25,000 kila mwezi. Asipotaka, mlango ule pale. Tena mbele ya wafanyakazi wote mama yule akatoa methali ya samaki mmoja kuoza na wenzake kuoza, na kila mtu akaelewa samaki mmoja ni nani.

Asubuhi yake mwenzake aliulizwa. Akasema, "Mimi nilimwambia awaweke kwenye friza." Binti alituambia kwamba angeweza kuvumilia kukatwa fedha. Neno hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Yale tuliyowahi kufanya sisi

Kabla ya kuendelea, lazima tukiri jambo, maana bila hilo msomaji atadhani tulimsikiliza binti huyu kwa wema tu.

Miaka mingi iliyopita, tukiwa wauguzi wapya katika hospitali ambayo hatutaitaja, tulikuwa zamu ya usiku wodi ya watoto. Kulikuwa na mtoto aliyetakiwa kupewa dawa saa sita usiku. Usiku ule kulikuwa na wagonjwa wapya wengi, na dawa haikutolewa. Asubuhi mwenzetu aliyepokea zamu ndiye aliyeona kwamba karatasi haina sahihi, akaenda kuripoti. Matroni alipokuja kwa hasira alimkuta yeye amesimama na karatasi mkononi. Akagombezwa yeye, mbele ya madaktari na mama wa mtoto. Sisi tulikuwa chumba cha pili tukivaa sweta zetu kwenda nyumbani. Tulisikia kila neno. Tulivaa sweta, tukaondoka.

Mtoto alipona, Mungu ni mwema. Mwenzetu alihamishiwa wodi nyingine. Tulikutana naye baada ya miaka mingi kwenye msiba, akatusalimia vizuri tu, akauliza habari za watoto. Hatukusema neno, naye hakusema.

Ndiyo maana binti huyu alipokaa kwenye benchi la zahanati, tulijua vizuri jinsi jambo hili linavyotokea, na tulilijua kwa upande mbaya. Lawama haimfuati aliyekosa. Humfuata aliyesimama karibu na kosa linapoonekana. Profesa James Reason wa Uingereza, katika makala aliyoandika mwaka 2000 kwenye jarida la madaktari la nchi hiyo, alieleza kwamba ajali za hospitalini mara chache hutokana na mtu mmoja mzembe. Alizifananisha na vipande vya jibini yenye matundu: matundu yakipangana mstari mmoja, madhara hupenya. Wengi wetu jibini hiyo hatujawahi kuiona, basi tuseme ni nyavu za sato zilizotoboka, moja nyuma ya nyingine. Samaki akipita zote, wewe unamshika shati mvuvi aliyesimama nyuma ya wavu wa mwisho.

Hospitalini tulifundishwa kinga yake: kukabidhiana zamu kwa mdomo na kwa maandishi, mkiwa mmesimama mbele ya mgonjwa. Kisichoandikwa huhesabiwa kwamba hakikufanyika. Tulifundishwa vizuri, usiku ule hatukufuata.

Saa tano ndani ya gunia

Turudi kwenye beseni. Tulipoacha kumfuta binti machozi tulianza kumwuliza kama wauguzi. Samaki waliingia saa ngapi? Hakujua, ila alijua pikipiki ya samaki hufika asubuhi, kabla ya saa nne.

Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa mafundisho matano ya usalama wa chakula, ambayo sisi huyatumia hata leo tunapofundisha mama lishe. Mojawapo ni kwamba chakula kinachoharibika upesi kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili, na kiwekwe kwenye baridi isiyozidi nyuzi 5. Kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za joto, vijidudu huzaana kwa kasi. Mchana wa huku kwetu kwa kawaida unakaribia nyuzi 30, na jikoni penye mkaa ni zaidi. Samaki aliyeingia saa tatu asubuhi, akafunikwa gunia karibu na jiko, saa nane mchana amekwisha kukaa saa tano. Yaani binti alipopita pale mlangoni, samaki walikuwa wamekwisha kuharibika. Hata angewafunua dakika ile ile na kuwatia kwenye friza, hasara ingekuwa pale pale, na pengine mbaya zaidi, kwa sababu wangepikwa na kuliwa.

Hapa tuongeze neno kwa wenye hoteli wanaosema "tungewakaanga sana wangefaa". Moto mkali huua vijidudu, lakini baadhi ya sumu ambazo vijidudu wamekwisha kuziacha ndani ya chakula haziondoki kwa kukaanga. Binti na mpishi walipowatupa wale samaki waliokoa matumbo ya watu, na waliiokoa hoteli. Mwaka 2015, kipindupindu kilipoanzia Dar es Salaam mwezi Agosti na kusambaa mikoani, tuliona jinsi wauza chakula wanavyokuwa wa kwanza kunyoshewa kidole. Mtu aliyezuia jambo kama hilo ndiye aliyekatwa mshahara.

Sheria inasemaje

Sisi si wanasheria. Lakini katika kikundi chetu cha akina mama yuko mmoja aliyewahi kuwa mwakilishi wa wafanyakazi mahali alipokuwa akifanya kazi, naye alitusomea Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara. Tulishangaa kuona jinsi inavyoeleza jambo hili wazi.

Mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi fedha za hasara kwa kuamua tu. Ni lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi huyo mwenyewe. Ni lazima mwajiri amwandikie chanzo cha hasara, kiasi chake na jinsi alivyokihesabu, kisha ampe nafasi ya kupinga. Mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi. Na hata hayo yote yakitimia, makato hayawezi kuzidi robo ya mshahara wake wa fedha. Robo ya Sh. 150,000 ni Sh. 37,500. Yeye alikatwa Sh. 125,000, bila karatasi, bila kuulizwa.

Yapo na mengine. Mwajiri hutakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Asipoyatoa na mgogoro ukitokea, ni yeye mwajiri atakayebeba mzigo wa kuthibitisha walivyopatana, si mfanyakazi. Tulipomsomea binti hapo alikaa wima kwa mara ya kwanza. Alikuwa akiamini kwamba asiye na karatasi hana haki.

Na kama angefukuzwa? Mfanyakazi aliyetimiza miezi sita kazini hawezi kuachishwa bila sababu ya haki na bila kusikilizwa. Yeye alikuwa na miezi minane. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi Shinyanga na Geita pia, na kuyapeleka hakulipiwi. Ila kuna siku: 30 kwa aliyeachishwa kazi, 60 kwa migogoro mingine kama hii ya mshahara. Wasichana wengi huzimaliza siku hizo wakilia kwa shangazi. Kipo pia chama cha wafanyakazi wa mahotelini na majumbani, CHODAWU, ingawa katika hoteli ndogo kama hizi ni nadra kukuta mwanachama.

Kwa hiyo tulimshauri kwanza aandike. Alinunua daftari la Sh. 500, akaandika tarehe, saa aliyofika, alichokikuta, nani alikuwepo, samaki walivyoonekana, maneno aliyoambiwa. Hatukumruhusu kuandika neno hata moja juu ya tabia ya mwenzake. Alitaka sana kuandika. Tulimwambia aandike kilichotokea tu.

Sebuleni kwa mama

Lipo jambo moja ambalo tumelichelewesha kwa sababu linatuaibisha. Mwenye hoteli ni mama wa kanisa letu. Hukaa benchi la tatu. Wakati wa harambee ya bati alitoa mengi kuliko yeyote kati yetu. Baadhi ya akina mama walisema tusiingilie, "haya ni mambo ya biashara". Mmoja alikumbusha habari ya Martha, jinsi alivyoachiwa kazi za jikoni na ndugu yake, na alipolalamika akaambiwa anasumbukia mengi. Kukawa na kimya. Kisha mama mzee aliye na miaka zaidi ya sabini akasema kwamba Martha angalau alilalamika mbele ya mtu aliyekuwa tayari kumsikiliza, na kwamba hakuna aliyemkata mshahara. Tulicheka, tukakubaliana kwenda.

Tulikwenda Jumapili mchana, shangazi wa binti, binti mwenyewe na sisi wawili. Tulipewa soda. Shangazi alianza kwa heshima, akashukuru kwa kazi aliyopewa mtoto wao, kisha akaomba daftari lisomwe. Binti alisoma kwa sauti ndogo.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mlitaka nimkate nani? Nijikate mimi?" Hatukujibu. Akaendelea, na tuseme kweli, aliyosema yalikuwa na uzito. Wachimbaji walikuwa wakidaiwa fedha nyingi ambazo pengine hatazipata. Kijana aliyekuwa akipeleka chakula maduarani alikuwa amekimbilia rashi mpya bila kuaga. Mkopo wa friza haujaisha. Yeye ni mjane. "Mimi nani ananiuliza zamu yangu ni ya saa ngapi?"

Shangazi alimwacha amalize. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Mama, na yule wa pikipiki ulimlipa saa ngapi?"

Maana malipo ya samaki hufanyika kwa simu, samaki wanapofika. Mama alichukua simu yake, akatafuta ujumbe wa malipo. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko unavyohitajika kusoma ujumbe mmoja. Saa 3:20 asubuhi. Binti alikuwa nyumbani kwa shangazi akifua.

"Nilikuwa nimemtuma yule mwingine," mama alisema baadaye, polepole. "Nilimtuma mimi."

Ndivyo tulivyojua sehemu iliyobaki. Kijana wa kupeleka chakula alipoondoka, kazi yake aliongezewa mwanamke wa asubuhi juu ya zile zake zote. Siku ile samaki walishushwa akiwa tayari amepanda pikipiki na mahotipoti ya chakula cha maduarani, na mama alikuwa amemwita mara mbili aharakishe. Alifunika beseni kwa gunia ili nzi wasitue, akikusudia kurudi upesi. Alirudi karibu saa sita, akakuta wateja wamejaa, na matiti yanamuuma kwa maziwa tangu alfajiri. Sheria ile ile ya 2004 inampa mama anayenyonyesha mpaka saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wake wakati wa kazi. Yeye hakuwahi kupewa hata nusu saa. Samaki walimtoka kichwani kabisa.

Alipoulizwa kesho yake alisema uongo. Hatutaki kuuita kwa jina lingine. Alisema uongo kwa sababu aliogopa kufukuzwa akiwa na mtoto mgongoni, na kwa sababu binti alikuwa amekwisha kunyamaza mara nyingi hivi kwamba alidhani atanyamaza tena.

Mambo yalivyo sasa

Makato ya mwezi wa pili hayakufanyika. Mama aliahidi kurudisha yale ya mwezi wa kwanza, na siku ile ile alimpa binti Sh. 75,000, akaomba avumiliwe kwa Sh. 50,000 zilizobaki. Ameajiri kijana mwingine wa kupeleka chakula. Hakuomba radhi mbele ya wafanyakazi, ingawa maneno ya samaki mmoja aliyasema mbele yao. Tulimgusia, akasema amesikia.

Mwanamke wa asubuhi alikwenda kwa shangazi jioni moja na kikapu cha michembe. Alikaa ukumbini, mtoto mapajani, akaongea habari za mvua na bei ya mahindi, na alipoinuka kuondoka akasema, "Mdogo wangu, lile neno nililisema." Binti alipokea kikapu. Alituambia kwamba amemsamehe, lakini hawezi tena kumwita dada kama zamani; humwita kwa jina la mtoto wake, Mama Fulani, kama wanavyomwita wateja. Wengine kikundini waliona hajasamehe kwa kweli. Sisi tuliona kwamba ni mapema mno kumpima.

Presha yake imeshuka. Usingizi umerudi, ingawa si kila usiku.

Kando ya friza kuna msumari, na kwenye msumari kunaning'inia daftari lililopigwa mistari kwa rula. Safu ya kwanza ni kitu kilichoingia, ya pili ni saa, ya tatu jina la aliyepokea, ya nne jina la aliyekabidhiwa. Binti ndiye aliyelipiga mistari. Tulipopita kunywa chai wiki mbili zilizopita tulilifungua: nyama, saa 12:40 asubuhi, maharage, saa 2:15, sato kilo 20, saa 3:05, friza. Majina mawili kila mstari. Siku moja tu ilikuwa tupu, na pembeni mtu alikuwa ameandika kwa mwandiko mkubwa, "Kalamu ilipotea."

Zile Sh. 50,000 bado. Jumapili iliyopita mama alitushika mkono mlangoni mwa kanisa, akasema kabla hatujamwuliza, "Mwisho wa mwezi."